Mpakani Chienge: Tuache nini, tubakize nini mezani

Wapo walioacha chumvi, samaki na hata vidonge vya presha, lakini lutuku na soda bado havijaguswa

Na Mwandishi Maalumu, Chienge

NENO "nimeacha" limekuwa la kawaida midomoni mwa watu wa mwambao wa Ziwa Mweru. Sokoni Chienge, ndani ya magari yanayokwenda Nchelenge na hata kwenye foleni ya mpakani Lunchinda, utamsikia mmoja akisema ameacha chumvi, mwingine ameacha sukari, wa tatu ameacha mawese, na wa nne, huku harufu ikimsuta, anasema ameacha lutuku tangu juzi.

Si jambo baya. Wazazi wetu walizijua homa, kuhara na surua. Sisi tumebaki na hizo, na juu yake tumeongezewa presha, kisukari na kiharusi, magonjwa ambayo zamani tuliyahesabu kuwa ya matajiri wa Lubumbashi na Lusaka. Leo muuza samaki anapimwa presha na kuambiwa iko juu, naye akitoka kliniki swali lake la kwanza huwa: niache nini?

Tatizo ni nani anayemjibu. Nafundisha upande wa Kongo na mahitaji yangu mengi nanunua Chienge, kwa hiyo nasikia majibu ya pande zote mbili. Nilichokiona ni kwamba wengi wetu tunaacha vitu ambavyo havina kosa, na vile vinavyotuua tunaendelea kuvibeba mgongoni, kuvivusha na kuviuza. Wengine wanaacha kitu bila kuweka kingine mahali pake, na ugonjwa unahama kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Katika makala haya nataka tuipekue meza yetu, kitu kimoja kimoja.

Tulikula tulichopewa

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wengi wa wasomaji wa ukurasa huu tulikulia kwenye mgao. Baada ya vita kufika Moba na Pweto, maelfu walivuka na kupelekwa kambi za Mwange, wilayani Mporokoso, na Kala, wilayani Kawambwa. Mimi nilisoma Kala. Sahani yetu ilikuwa ya aina moja: unga wa mahindi, maharage au njegere, mafuta na chumvi. Mboga ulitafuta mwenyewe, na samaki ulimwona pale ulipokuwa na kitu cha kubadilishana.

Safari za kurudi zilianza mwaka 2007, na kambi zote mbili zilifungwa mwaka 2010. Turudipo nyumbani tulirudi na ulimi mwingine. Vijana waliokulia kambini waliuona ugali wa muhogo kuwa chakula cha shida. Sukari, ambayo haikuwa ya kila siku, ikawa alama ya kwamba mtu ametoka katika dhiki. Mgeni akija, huwezi kumpa maji, sharti soda. Chai isipokuwa na vijiko vinne, mwenye nyumba ataonekana mchoyo.

Naandika haya kwa sababu wataalamu wengi huzungumzia lishe kana kwamba chakula ni chakula tu. Kwa mtu aliyekula kwa kadi miaka minane, chupa ya soda ni ushahidi kwamba siku mbaya zimepita. Ukimwambia aache, mweleze vizuri, maana atasikia kama unamrudisha kwenye foleni. Na wapo ndugu zetu waliokimbia tena mwaka 2017 na kuwekwa Mantapala, wilayani Nchelenge, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2018. Hao nao wanaujua mgao.

Mama aliyeacha vidonge

Yuko mama mmoja, mfanyabiashara wa samaki, ambaye sitamtaja jina. Miaka mingi alikuwa akichukua samaki wakavu Chienge na kuwauza Pweto, kisha anarudi na mawese. Alipimwa akakutwa na presha ya juu. Muuguzi alimpa vidonge, akamwambia apunguze chumvi na arudi baada ya mwezi.

Kabla mwezi haujaisha alipita sokoni muuza mizizi mwenye kipaza sauti. Huyo aliwatangazia watu kwamba presha inatokana na "damu chafu", na dawa yake ni kuacha vitu vinne kwa siku 40: chumvi, samaki, muhogo na vidonge vya hospitali. Mama akanunua mizizi, akaacha vyote vinne. Alikuwa akinywa uji wa mahindi na chai.

Nilikutana naye wiki ya tatu. "Ba mwalimu, nasikia mwili mwepesi," aliniambia, na kweli alikuwa amepungua.

Wiki ya nne alianguka ufukweni, mzigo ukiwa kichwani. Ni kiharusi. Anaishi, lakini mkono wa kulia hauinuki na maneno yanamtoka kwa shida. Binti yake, ambaye alikuwa darasani kwangu mwaka wa sita, sasa ndiye anayevuka na mzigo. Kitabu chake cha hesabu bado kiko kwenye kabati la darasa.

Tusijidanganye. Presha haina sauti. Mtu anaweza kujisikia mwepesi, anacheka na kubeba magunia, kumbe mishipa imejaa kama mpira uliopulizwa kupita kiasi. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni kile cha mkononi pale kliniki. Na katika vile vitu vinne alivyoambiwa aache, kimoja tu ndicho kilichohitaji kupunguzwa, nacho ni chumvi. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vikimlinda.

Chumvi: kupunguza, si kuikimbia

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima anapaswa kutumia chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa mlima, nayo ni hesabu ya chumvi yote ya siku: ya mboga, ya uji, ya mkate na ya samaki.

Hapo ndipo penye mtego kwa watu wa ziwani. Mama anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba sufuria yake haina chumvi nyingi, huku ndani ya sufuria hiyo kuna samaki aliyekaushwa kwa chumvi na vidonge viwili vya kukolezea mchuzi. Vidonge hivyo sehemu kubwa ni chumvi. Mwenye presha aanze kwa kuviacha hivyo kabisa, na akolezee kwa nyanya, kitunguu, tangawizi, ndimu au pilipili.

Samaki wa chumvi naye ana dawa yake. Mloweke katika maji ya kutosha, umwage maji, umloweke tena, ndipo umpike bila kuongeza chumvi nyingine. Aliyekaushwa kwa moshi au kwa jua, kama chisense walioanikwa bila chumvi, ni bora zaidi kwa mgonjwa.

Lakini asitokee mtu wa kuiondoa chumvi nyumbani moja kwa moja. Chumvi ya dukani huongezwa madini joto, yanayozuia uvimbe wa shingo na kusaidia ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi isiyo na madini hayo, inayouzwa kwa kupimwa na kopo, inaweza kuwa nafuu mfukoni lakini haimsaidii mjamzito.

Lutuku, kachasu na vifuko

Ng'ambo tunaiita lutuku, huku wanaiita kachasu. Jina linabadilika mtoni, kinywaji ni kilekile. Kikiwapo kitu kimoja cha kuachwa katika mwambao huu wote, ni hiki.

Hupikwa kwa mahindi, muhogo au sukari, kisha huchemshwa na mvuke wake hupozwa katika bomba. Hakuna anayejua nguvu yake. Chupa ya leo si sawa na ya jana. Mapipa mengine yalibeba dawa za viwandani kabla ya kubeba pombe. Hatari kubwa zaidi huja pale muuzaji mwenye tamaa anapoongeza spiriti ya viwandani yenye methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo.

Serikali za ukanda wetu zimejaribu. Aprili 2012 Zambia ilipiga marufuku tujilijili, ile pombe kali ya vifuko ambayo hata mwanafunzi aliweza kuificha mfukoni mwa kaptula. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Sisi wa mpakani tunajua kilichobaki kusemwa: marufuku ya upande mmoja ni faida ya upande wa pili. Kilichokatazwa huku kilikuwa na bei nzuri zaidi huku, na kuna waliovivusha vifuko hivyo chini ya magunia ya unga.

Januari 2023 WHO ilieleza bayana kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Pombe inahusishwa na saratani kadhaa, ikiwamo ya koo na ya ini, na inapandisha presha.

Hata hivyo kuacha nako kuna njia yake. Mvuvi mmoja wa upande wa Kafulwe alikuwa akinywa lutuku kila asubuhi kabla ya kuingia ziwani. Desemba ilipofika na uvuvi ukafungwa, hela ikakatika, akaamua kuacha siku hiyohiyo. Siku ya pili mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, usiku akaanguka kifafa. Majirani wakasema amerogwa, wakataka kumpeleka kwa mganga. Dada yake aligoma, akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, ambako muuguzi alielewa mara moja. Amepona, na hanywi tena.

Kwa hiyo anayekunywa kila siku asiache peke yake chumbani. Aende kwanza kwa wahudumu wa afya awaambie ukweli wa kiasi anachokunywa. Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo na kifafa ni dalili za mwili uliozoea pombe na kunyimwa ghafla. Zinaweza kuua, na zinatibika.

Wanaopika je?

Hapa ndipo mahubiri mengi hukwama. Lutuku haipikwi na mashetani. Inapikwa na mama zetu. "Mwalimu, karo ya watoto inatoka kwenye pipa hili," aliniambia mama mmoja, na sikuwa na jibu la haraka, maana watoto hao nawafundisha mimi.

Wapo wanaojaribu munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi unaotiwa mizizi, kinachopendwa Katanga na Zambia nzima. Kikinywewa kikiwa kipya hakileweshi, kinashibisha na kinaweza kupikwa bila sukari. Wateja wako: wapanda magari, wanafunzi, watu wa kanisani. Lakini yule mama alinieleza ugumu wake kwa maneno machache: munkoyo huchachuka kwa siku mbili tatu, lutuku hukaa mwaka mzima ikingoja mnunuzi. Anayetaka kuhama biashara asihame kwa mguu mmoja. Apike kidogo kwa siku za soko, atumie maji yaliyochemshwa, na mtaji mwingine auweke kwenye chisense au karanga, bidhaa zinazoweza kungoja.

Sukari ya chupa na sukari ya kikombe

WHO inashauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikishuka hadi gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi. Ukinywa mbili kwenye sherehe, umekwisha kupita hata kabla ya chai ya jioni. Mwaka 2019 Zambia ilianza kutoza ushuru wa ngwee 30 kwa kila lita ya vinywaji baridi, lakini ukweli ni kwamba ngwee hizo hazijamzuia mtu kwenye arusi.

Soda, na yale maji ya rangi yanayogandishwa kwenye vifuko vya plastiki na kuuzwa nje ya lango la shule, yanaweza kuachwa kesho bila hasara yoyote. Sukari ya chai ipunguzwe taratibu, nusu kijiko kila wiki. Ulimi hujifunza, na baada ya miezi miwili chai ya zamani utaiona kama dawa ya kikohozi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1998 sukari ya matumizi ya nyumbani nchini Zambia ilianza kuongezwa vitamini A, kwa sababu watoto wengi walikuwa wakiikosa, na kuikosa hudhoofisha macho na kinga ya mwili. Nyumba inayopunguza sukari lazima iweke mahali pake vyakula vyenye vitamini hiyo: viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maboga, maembe, majani ya kijani na mahindi ya rangi ya chungwa, ambayo mbegu zake zilianza kuidhinishwa Zambia mwaka 2012. Na mawese.

Mawese, muhogo na samaki: vinavyosingiziwa

Mawese yana kesi mbili. Ya kwanza ni ya kweli: karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, ambayo yakizidi huupa moyo kazi. Mwenye presha au mnene atumie kijiko, si kikombe. Ya pili ni ya uongo, kwamba mawese mekundu ni machafu na ni lazima yachomwe mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio unaogeuka vitamini A mwilini. Mama anayeyachoma mpaka moshi ujaze nyumba anaunguza dawa ya macho ya mtoto wake na kubakiza mafuta matupu.

Muhogo nao unasemwa kwamba unalemaza miguu. Neno hilo lina chanzo. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa konzo aliouona Kwango, huko Kongo, na baadaye ulionekana Msumbiji na Tanzania pia. Hutokea pale muhogo mchungu unapoliwa bila kulowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa au vita, na kwa watu wasio na kitoweo. Ule uchungu una sumu. Kuloweka siku tatu mpaka nne hadi ulainike, kuumenya na kuukausha vizuri juani huiondoa sehemu kubwa. Wazee wetu walijua. Wanaokosea ni wafanyabiashara wenye haraka, wanaoloweka usiku mmoja ili wawahi lori.

Na hapa msomaji asikilize vizuri. Mwili huimalizia sumu ya muhogo kwa msaada wa protini, ile inayopatikana katika samaki, mayai, nyama na maharage. Kwa hiyo mtu anayekula muhogo kila siku kisha akaacha samaki, kwa sababu ya mizizi ya sokoni au kwa sababu ya sharti jipya la kidini, bila kuweka maharage wala karanga, anajiondolea ngao yake mwenyewe. Imani ya mtu siigusi. Nasema tu kwamba aliyeacha samaki ajue protini yake itatoka wapi.

Kwa watoto hatari ni kubwa zaidi. Bado kuna nyumba ambamo mtoto aliyeachishwa ziwa hapewi yai wala samaki, eti atakuwa mwizi au atapata minyoo. Anapewa uji mweupe na biskuti. Baada ya miezi michache nywele zinageuka rangi, miguu inavimba, na watu wanasema amenenepa. Chisense mkavu aliyetwangwa na kuchanganywa kwenye uji, kijiko kimoja au viwili, ni chakula cha bei ndogo kuliko pakiti ya biskuti. Kwa kuwa uvuvi wa Mweru hufungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, mama mwenye mtoto mdogo aweke akiba mapema, mwezi Novemba, kabla bei haijapanda.

Unga wenye ukungu: neno kwa wachuuzi

Kuna kitu kimoja cha kuachwa ambacho hakionekani mezani, nacho kinapita mikononi mwetu sisi tunaovuka. Ni nafaka na karanga zilizoota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini na kusababisha saratani. Kuipika hakuiondoi. Kuichoma hakuiondoi.

Kenya mwaka 2004, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Tanzania ilipata vifo mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Agosti 2024 ilikuwa zamu ya Zambia: mbwa kwa mamia walikufa, uchunguzi ukaikuta sumu hiyo katika baadhi ya unga, na unga huo ukaamriwa kuondolewa sokoni. Ulikuwa mwaka wa ukame, unga ulikuwa adimu, na pande zote mbili za mpaka watu walikuwa wakinunua chochote chenye jina la unga.

Mazoea yetu yanajulikana. Gunia likilowa kwenye mtumbwi, linaanikwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mahindi yakioza, yanatengwa kwa ajili ya pombe. Karanga mbovu zinatwangwa ziwe kitoweo, kwa kuwa kwenye sombe hazionekani. Hizo zote ni njia za kuihamishia sumu sahani ya mtu mwingine. Mchuuzi aweke magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na maji. Achambue karanga, azitupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Hasara ya debe moja haiwezi kufananishwa na ini la mteja.

Maji ya ziwa na chai ya mezani

Viko vinywaji viwili ambavyo watu hawavihesabu kabisa wanaposema "nimeacha".

Cha kwanza ni maji mabichi ya ziwa. Katika kambi za wavuvi, watu huoga, huosha vyombo na kunywa palepale, na kipindupindu kimezitembelea wilaya za ziwa hili zaidi ya mara moja. Mlipuko uliotikisa Zambia kuanzia Oktoba 2023, ambao kitovu chake kilikuwa Lusaka, uliua watu zaidi ya 700. Mtu aliyeacha chumvi na sukari lakini bado anachota kwa kata moja kwa moja ziwani, hajaacha kitu. Chemsha, au tia klorini kama ilivyoelekezwa.

Cha pili ni chai inayonyweka pamoja na chakula. Chai ina kitu kinachozuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka katika mboga na maharage. Nchelenge na Chienge ni sehemu zenye malaria nyingi, na malaria hula damu. Mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu anayeshushia sombe kwa chai anapoteza nusu ya faida ya sombe yake. Haihitaji kuachwa; isogezwe tu, inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Mahali pake kamulia ndimu kwenye mboga au kula embe, kwa kuwa vitamini C husaidia damu kujengeka.

Maswali matatu kabla ya kuacha

Kwa ndugu zangu mliorejea, na kwenu mnaovuka kila siku ya soko, nawaomba kabla ya kutamka "nimeacha" mjiulize maswali matatu.

La kwanza: nani amenishauri? Akiwa anauza kitu papo hapo baada ya ushauri, ongeza mashaka. Akikwambia uache vidonge vya hospitali, ondoka. Dawa ya presha au ya kisukari haiachwi kwa neno la sokoni; hubadilishwa na aliyeiandika.

La pili: naweka nini mahali pake? Ukiacha samaki, weka maharage. Ukipunguza sukari, weka boga. Ukiacha soda, weka maji yaliyochemshwa au munkoyo mpya. Nafasi isiyojazwa hujazwa na njaa.

La tatu: nani atalipa? Mara nyingi baba anaacha na mama ndiye anayepika vyungu viwili. Au mama anaacha kula na mtoto ndiye anayekonda. Kile kinachoachwa na mkubwa kwa ajili ya ugonjwa wake kisiondolewe kwenye sahani ya mtoto asiye na ugonjwa huo.

Kupima presha ni jambo la dakika chache, na vituo vya afya viko pande zote mbili za mpaka. Siku ya soko tunasimama saa nzima kupanga bei ya gunia moja. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea atoe sehemu ya saa hiyo kila baada ya miezi michache, aandikiwe namba zake, na azikumbuke kama anavyokumbuka bei ya kwacha.